Programu ya kusoma eksirei za kifua: makelele yamepungua

Toleo jipya la programu hii ya kubaini vinundu (vivimbe vidogo vya mapafuni) kwenye eksirei za kifua limenipunguzia kero niliyoizoea, yaani duara jekundu, alama yake ya kinundu, kuwekwa kimakosa juu ya kivuli cha chuchu, mahali mbavu zinapopishana, au mshipa wa damu ulioelekea mbele hata ukaonekana kama kitone. Kabla ya kuichambua picha, huififisha mifupa, kisha huilinganisha na picha ya zamani ya mgonjwa yuleyule, ikiwapo. Ungio la ubavu wa kwanza bado huihadaa (hata mimi hunihadaa). Nilipopandisha kizingiti, yaani kiwango cha shaka kinachoifanya iweke alama, ili inyamaze zaidi, kinundu kidogo nyuma ya moyo, ambacho nilikuwa nimekwisha kukiona kwa macho, kilipita bila alama yoyote. Nikakirudisha kizingiti pale kilipokuwa.