Viishio vipya vya majina ya tovuti: soma kwanza bei ya mwaka wa pili

Mwenye duka la vitenge hapa Kampala anayetafuta jina la tovuti leo huwekewa mbele viishio (sehemu ya mwisho ya jina, kama .com) zaidi ya elfu moja, vingi vikiwa matunda ya awamu ya mwaka 2012, ambapo ICANN, shirika linaloratibu majina ya tovuti duniani, ilipokea maombi 1,930 ya kuendesha viishio vipya kwa ada ya dola 185,000 kila moja. Kwa biashara ya familia yetu tumetumia .shop na .africa, pamoja na .co.ug ya Uganda tuliyokuwa nayo tangu zamani.

Sifa kubwa ya viishio vipya ni nafasi: jina fupi tulilolitaka, ambalo kwenye .com lilikwisha kuchukuliwa, tulilipata bila kulibandika vistari wala tarakimu. Kiishio cha .africa, kilichoanza kutumika mwaka 2017 baada ya mvutano uliofika mahakamani Marekani, kinamfaa mwenye wateja Kigali na Nairobi, ingawa kwa mnunuzi wa hapa nyumbani .co.ug bado ndiyo inayoaminika upesi.

Kasoro iko kwenye bei. Mwaka wa kwanza wa .shop wakala anayetuuzia majina alitutoza fedha zisizozidi bei ya rolex mbili (chapati za mayai) za Wandegeya. Ankara ya mwaka wa pili ilikuja imepanda mara kadhaa, na kufikia hapo jina lilikuwa limeshachapwa kwenye mifuko yote ya dukani. Mkataba wa kawaida wa ICANN na wasimamizi wa viishio vipya hauwawekei kikomo cha bei, bali unawataka wawaarifu mawakala siku 180 kabla ya kupandisha bei ya kuhuisha, yaani kulipia jina tena muda wake unapokwisha, na wawaruhusu kuhuisha kwa bei iliyopo hadi miaka kumi. Anayelipenda jina lake na amwulize wakala kama anaweza kulipia miaka kadhaa kabla bei haijapanda.

Usumbufu mwingine ni mazoea. Fomu kadhaa za mtandaoni zilikataa anwani yetu ya barua pepe kwa sababu kiishio chake ni kirefu, na mchapaji mmoja wa Nasser Road, kwa nia njema kabisa, aliongeza .com mbele ya .africa kwenye kadi zetu.

Awamu nyingine ya maombi ilipangwa kufunguliwa Aprili 2026, kwa ada ya dola 227,000. Naiunga mkono, mradi msimamizi alazimishwe kutangaza bei ya kuhuisha kando ya bei ya mwaka wa kwanza. Kwa sasa naipa .africa nyota nne kati ya tano, na .shop mbili.