Yamaha TRBX174: besi ya kuanzia ambayo bado siuzi

Wauzaji wa gitaa mjini wakikuona na Yamaha TRBX174 begani, swali lao ni moja: utaibadilisha lini? Inajulikana kama besi ya wanaoanza, na mimi si wa kuanza tena. Jumapili naipiga kanisani kwetu Kayole, hapa Nairobi, Ijumaa jioni naipiga na bendi ndogo ya rumba na benga inayofanyia mazoezi nyuma ya gereji, Jogoo Road. Bado ninayo. Pesa ambazo ningenunulia besi nyingine zimeishia kwa nyuzi, fundi, ampu na kebo, na sijutii hata shilingi.

Niliichukua mkono wa pili kwa shilingi 22,000. Shingo yake ni nyembamba, na kwa sisi wenye vidole vifupi hilo si jambo dogo. Urefu wa uzi ni inchi 34, kipimo kile kile cha besi ya Precision ambayo Leo Fender alitoa mwaka 1951, na kinachofuatwa na besi nyingi hadi leo. Freti, vile vyuma vinavyokatiza shingo, ni 24. Pikapu, sumaku zinazodaka mtetemo wa nyuzi, ni mbili: ya katikati imegawanywa vipande viwili kwa mtindo wa Precision, ya nyuma ni ndefu moja kwa mtindo wa Jazz Bass, besi nyingine ya Fender. Kila pikapu ina kinobu chake cha sauti, kisha kuna kimoja cha toni. Basi. Hakuna betri, hakuna swichi.

Watu huona kukosa betri ni upungufu. TRBX304, ndugu yake mkubwa, ina betri ya volti 9 na swichi ya kuchagua aina tano za sauti zilizokwisha kupangwa, na ukiwa dukani na hedifoni utaipenda mara moja. Lakini besi za betri zina tabia ya kubaki zimewaka kadiri kebo inavyokaa ndani. Mwenzangu mmoja aliiacha yake imechomekwa tangu mazoezi ya Alhamisi, na Jumapili, katikati ya kipindi cha kuabudu, sauti ikaanza kukwaruza, ikapungua, ikakata. Mwimbishaji akageuka kumwangalia. Yangu haijui hayo mambo.

Kitu kimoja lazima nikiseme, maana mnunuzi atakutana nacho. Pikapu ya kawaida ya mtindo wa Jazz ikiwa moja tu na peke yake huvuma, iwe ni ya kampuni gani. Ina koili moja, yaani sokoto moja la waya, na koili moja hudaka kila uchafu wa umeme ulio hewani. Ile ya katikati haivumi kwa sababu vipande vyake viwili vimesokotwa kinyume na kila kimoja kinafuta mvumo wa mwenzake. Kanisani kwetu kuna taa za mirija na soketi ambazo sidhani waya wa ardhini umewahi kufika. Nikifungua pikapu ya nyuma pekee, spika inalia mmm mpaka watoto wanageuka. Nikiweka kiganja juu ya nyuzi, mvumo unapungua, nikikitoa, unarudi. Nyuzi zimeunganishwa na waya wa ardhi wa gitaa kupitia daraja, kile chuma kinachozishika nyuzi mwilini, kwa hiyo mwili wangu unageuka kinga. Sasa nafungua ya katikati yote, ya nyuma robo tu, na hapo napata meno kidogo kwa noti bila kelele.

Nyuzi ndizo zilizobadilisha mengi kwa pesa kidogo. Nilizokuta zilikuwa zimekufa: ukipiga E unasikia kishindo kisha kimya. Wapiga besi wengi wa mtaani huzichemsha kwenye sufuria ili mafuta ya vidole yatoke, na kweli zinaamka, ila kwa muda mfupi tu, na mwenye sufuria atakununia. Nilinunua D'Addario EXL170, unene 45 hadi 100, nikanunua nyingine baadaye kwenye kibanda cha katikati ya jiji kwa nusu bei. Hizo za nusu bei zilishika kutu kabla ya mwezi kuisha. Bandia zipo, na zimefungwa vizuri kuliko unavyodhani. D'Addario huweka ndani ya pakiti msimbo wa kuandikisha kwenye tovuti yao, ukiukosa, rudisha. Kwa bendi ya rumba najiwekea akiba ya nyuzi bapa, zile laini zisizokwaruza kidole. Sauti yake ni nzito, fupi, ya mviringo. James Jamerson, mpiga besi wa kampuni ya rekodi ya Motown, alipiga nazo kwenye Precision yake ya 1962 na alijulikana kwa kutopenda kuzibadilisha, kwa hiyo bei yake ya juu unaigawa kwa miaka.

Halafu fundi. Kuna mzee karibu na Nyamakima anayetengeneza magitaa juu ya duka la vipuri, na kwake ndiko nilikojifunza kuiangalia besi kabla ya kuisikiliza. Aliishika, akafumba jicho moja, akaitazama shingo kutoka kichwani kama anayepiga rula.

"Mama, hii imeinama mbele."

"Imeharibika, fundi?"

"Haijaharibika. Inavutwa. Hizo nyuzi nne pamoja zinavuta zaidi ya kilo sabini."

Alinionyesha kipimo ambacho sasa nafanya mwenyewe. Bonyeza uzi wa E kwenye freti ya kwanza na ya mwisho kwa pamoja, kisha angalia nafasi iliyobaki kati ya uzi na freti ya saba au ya nane. Nafasi iwe ndogo, kiasi cha unene wa kadi. Yangu ilimeza kadi tatu. Alizungusha chuma kilichomo ndani ya shingo robo duara, akangoja, akazungusha tena kidogo. Akashusha vitandiko vya daraja mpaka uzi wa E ukabaki kama milimita mbili na nusu juu ya freti ya 12. Mwisho akalinganisha noti ya freti hiyo ya 12 na mlio wa uzi ukiguswa tu bila kubonyezwa mahali hapo hapo, akasogeza vitandiko mpaka vikakubaliana. Shilingi 2,500, nikalipa kwa M-Pesa, nikatoka na besi ambayo mkono wa kushoto haukuijua. Kabla ya hapo nilidhani vidole vyangu ndivyo dhaifu. Nairobi ikikauka Januari na kulowa Aprili, shingo hucheza kidogo, kwa hiyo usishangae ukirudi kwake baada ya mvua.

Ampu yangu ni Fender Rumble 40. Wati 40, spika moja ya inchi 10, uzito wa kilo nane hivi. Nimewasikia wanaume wa bendi wakiicheka, na ni kweli kwamba mpiga ngoma akiamua kukasirika haisikiki. Lakini sikuinunua ishindane na ngoma. Nyuma ina tundu la XLR, lile la pini tatu kama la maikrofoni, natoa laini moja kwa moja hadi kwenye mikisa, mashine ya kuchanganya sauti, fundi wa mitambo ananiweka kwenye spika kubwa za ukumbi, na hii ndogo inabaki miguuni kwangu ili nijisikie. Uzi wa E ukiwa wazi una mtetemo wa hezi 41 hivi. Spika ya inchi 10 haiutoi wote, sikio ndilo linaloujazia kwa kusikia sauti zake za juu. Ukumbini ile kazi ya chini kabisa inafanywa na masabufa ya kanisa.

Nyumbani natumia tundu lake la hedifoni. Tunakaa ghorofa la tatu, na yeyote aliyekaa ploti za Kayole anajua besi haisikilizi ukuta: maneno ya redio ya jirani huyasikii, besi yake unaisikia hadi kwenye godoro. Stima ikipotea nina Zoom B1 Four, kisanduku kidogo cha efekti kinachotumia betri nne za kawaida za AA, chenye kipimo cha kutuni nyuzi ndani na midundo ya ngoma ya kufanyia mazoezi. Hiyo ningeinunua hata kabla ya ampu.

Na kilo nane zina maana nyingine kwa asiye na gari. Ampu inakaa mapajani kwenye matatu. Ikiwa kubwa zaidi makanga atakutoza kiti cha pili, na saa ya kurudi mjini jioni hata ukilipa atakuruka. Nilijaribu moja ya inchi 12 ya rafiki. Sauti yake tamu sana, ila mimi hupanda ngazi.

Hali ya kebo haina mengi: fupi, nene, yenye plagi unazoweza kufungua na kulehemu. Ikizidi mita sita hivi, ukungu unaingia kwenye sauti. Mwendo mrefu uache kwa waya wa XLR kutoka kwa ampu au kwa di-boksi, kisanduku kinachoifanya laini ya gitaa ifae mikisa.

Sasa, nyuzi tano. Shinikizo lipo, hasa kanisani. Wapiga kinanda wetu wanapenda E flati na D flati, na bila uzi wa B huwezi kuzipata chini kule. Unabaki kuruka juu huku wimbo unashuka. Ni hoja ya kweli. Lakini uzi wa B una hezi 31 tu, na kwenye besi za bei ya chini unalegea na kuguruma bila noti kamili, na ampu yangu isingeutendea haki. Kwa rumba sijakosa chochote. Mistari ya bendi ya Les Wanyika ambayo Tom Malanga aliipigia besi naipata yote ninayoijua kwa nyuzi nne, na sehemu kubwa yake iko katikati ya shingo, ambako kila noti husikika vizuri. Nitanunua ya nyuzi tano siku kanisa litakaponunua ampu ya kuifaa.

Ukitaka TRBX174 ya mkono wa pili, zipo nyingi Nairobi, na wanaouza ni watu waliochoka, si besi iliyochoka. Nenda na kebo yako. Piga kila freti ya kila uzi taratibu, ukisikiliza mahali noti inapokufa. Zungusha vinobu vyote vitatu. Kikikwaruza ni vumbi, dawa ya kusafishia swichi inamaliza. Kisha tikisa plagi mahali inapoingia kwenye gitaa. Sauti ikikatika-katika, punguza elfu moja kwa bei yake, maana ni waya umeachia solda, na fundi yeyote wa redio Luthuli Avenue ataurudisha ukisubiri.