Nyaraka za Python: toleo limetajwa, ila limekaa chini mno

Nyaraka rasmi za Python, lugha ya kuandikia programu, nazifungua karibu kila siku ya kazi. Leo nazungumzia jambo moja tu: zinavyomjulisha msomaji kwamba kitu fulani kimeanza toleo lipi.

Nilikuwa nasafisha namba za simu za wateja, nataka kuondoa +255 ya mwanzo. Nikasoma kuhusu removeprefix, amri ya kuondoa kiambishi cha mwanzo wa maandishi, nikaona mfano, nikaandika. Kwenye kompyuta yangu ikakubali. Kwenye seva ya mteja, yenye mfumo endeshi wa Ubuntu 20.04, programu ikagoma palepale na kutoa AttributeError, yaani kosa la kuita kitu kisichokuwepo. Ubuntu hiyo huja na Python 3.8, na removeprefix imeingia 3.9. Kurudi kwenye nyaraka, kumbe imeandikwa! Lakini iko mwisho kabisa, baada ya maelezo na mifano, na mwenye haraka akishapata mfano hafiki huko.

Kwa papara nikaweka lstrip, amri nyingine ya kufuta herufi za mwanzo. Namba za mkononi zikatoka safi, maana baada ya 255 zinaanza na 6 au 7. Za mezani za Dar es Salaam zikaharibika zote. lstrip haiondoi kiambishi, huondoa kila herufi iliyo kwenye kundi ulilolitaja, hivyo ikala na 22 ya mkoa pamoja na kila 2 au 5 iliyofuatana nayo. Nyaraka zinastahili haki yao hapa: maelezo ya lstrip yanakuelekeza waziwazi kwenye removeprefix. Mimi ndiye sikuyasoma. Nikamalizia kwa startswith, inayoangalia kama namba inaanza na kiambishi, kisha kukikata kwa urefu wake, njia inayokubali hata matoleo ya zamani.

Mwongozo wa PHP, lugha nyingine ya programu, huweka matoleo chini tu ya jina la fanksheni; ukifungua str_contains, PHP 8 unaiona kabla ya maelezo yoyote. Nyaraka za lugha ya Rust huweka namba ya toleo upande wa kulia wa kila methodi. Ndivyo ningependa na Python ifanye.

Ila Python ina menyu ya matoleo juu ya ukurasa, na hiyo naithamini sana. Ukichagua 3.8, removeprefix huikuti kabisa. Siku hizi naanza na python3 --version, amri inayoonyesha toleo lililopo, kwenye seva, kisha ndiyo nafungua ukurasa. Hata vinavyoondoka hutajwa mapema: distutils, maktaba ya kufungasha programu, ilitangazwa kuachwa tangu 3.10, ikatolewa 3.12.

Nazipa nyota 4 kati ya 5. Ya tano naishikilia hadi namba ya toleo ipandishwe ikae kando ya jina.