Magurudumu ya kaboni, tubula au klincha: uliza kwanza joto linakwenda wapi

Februari niliteremka barabara ya zamani ya Naivasha na magurudumu mapya ya baiskeli, ya kaboni, klincha (yaani ya kuvalisha tairi la kawaida lenye mpira wa ndani), gramu 1,420 kwenye mizani yangu ya jikoni. Pale juu wanapouza ngozi za kondoo kila kitu kilikuwa shwari. Malori yalikuwa yamefuatana hadi chini, na ukiwa nyuma ya lori mteremkoni huna la kufanya ila kushika breki. Kulipita huwezi, na ukiachia utaligonga. Baada ya dakika chache mkono wa breki ya mbele ukaanza kunidunda kidoleni, du, du, du, mara moja kwa kila mzunguko wa gurudumu. Nikasikia harufu ya plastiki iliyosahaulika karibu na jiko. Nilisimama juu kidogo ya lile kanisa dogo lililojengwa na mateka wa Kiitaliano mwaka 1942, nikaegemeza baiskeli ukutani, na kabla sijavua helmeti mpira wa mbele ukapasuka wenyewe.

Rimu, ile duara ya nje ya gurudumu inayobeba tairi, ilipopoa niliipitishia kidole gumba ukingoni. Palikuwa na nundu ya urefu wa kidole, laini, huioni kwa macho mpaka uielekeze kwenye mwanga. Fundi wangu aliipima: milimita 25.2 kwingine kote, 26.9 penye nundu. Ningekuwa bado kwenye kasi ya kilomita 50 kwa saa, nyuma yangu lori la mawe, leo nisingekuwa naandika haya.

Tangu nilipoonyesha picha ya ile rimu, swali ninaloletewa kila wiki ni moja: ninunue tubula, yaani magurudumu ya tairi la kubandikwa kwa gundi, au klincha? Karibu kila anayeuliza anataja gramu, na wachache wanataja umbo na upepo. Sijaona hata mmoja aliyeuliza habari za joto. Kwa hiyo hapa sizungumzii upepo, wala kina cha rimu, wala rangi ya maandishi. Hayo kila muuzaji atakueleza bila kuulizwa.

Chukua mwendeshaji ambaye yeye na baiskeli yake wana uzito wa kilo 75. Akishuka kutoka Iten, iliyo kwenye mita kama 2,400, hadi chini Bonde la Kerio kupitia Tambach, anapoteza zaidi ya mita 1,000 za kimo. Nishati hiyo inatosha kuchemsha lita mbili za maji kutoka ubaridi wa bomba. Sehemu inachukuliwa na upepo. Inayobaki, kama una breki za rimu, zile zinazobana ukingo wa gurudumu wenyewe, inaingia kwenye vipande viwili vyembamba vya ukingo wa gurudumu. Alumini hupokea joto na kulisambaza upesi. Kaboni hailisambazi vizuri, na kinachoshikanisha nyuzi zake ni resini, ambayo ina kiwango chake cha joto: ikikivuka, inalainika.

Hapo ndipo tofauti ya klincha na tubula inapokuwa jambo la uhai. Klincha ni tairi la kawaida tunalolijua wote: lina kingo mbili zinazojishika ndani ya kuta za rimu, na mpira wa ndani unasukuma kila upande. Kuta za rimu ndizo zinazolizuia tairi lisichomoke kwa shinikizo hilo. Ukijaza paundi 100 kwenye joto la nyuzi 25, kisha hewa ya ndani ikafika nyuzi 100, shinikizo linakaribia paundi 130. Sasa fikiria: ukuta umelainika, hewa inausukuma nje kwa nguvu kuliko asubuhi, na wewe unaendelea kuubana kwa breki. Ndiyo sababu watengenezaji wengi wanakataza mpira wa ndani wa lateksi, ambao haustahimili joto, kwenye klincha za kaboni zenye breki za rimu. Katazo hilo mara nyingi limechapwa kwa herufi ndogo ndani ya kijitabu ambacho hapa kwetu hufiki nacho nyumbani, kwa sababu muuzaji amekwisha kukitupa pamoja na boksi.

Tubula ni jambo jingine. Tairi lenyewe limeshonwa likawa duara kamili, mpira uko ndani yake, na shinikizo lote linabebwa na kitambaa cha tairi. Rimu haina kuta za kushika kitu. Ina kitanda kilichobonyea tu, ambapo tairi linabandikwa kwa gundi. Hata ukingo ukipata moto, hakuna hewa inayousukuma nje. Na kwa kuwa kuta hazipo, rimu inakuwa nyepesi mahali ambapo wepesi unahisiwa zaidi, pembeni kabisa mwa gurudumu.

Sitaficha ubaya wake. Gundi nayo huogopa joto, na tubula iliyobandikwa ovyo ni hatari kuliko klincha yoyote. Mwaka 2003 kwenye Tour de France, Joseba Beloki wa Uhispania alikuwa wa pili kwa jumla akiteremka kuelekea mji wa Gap. Lami ilikuwa imelainika kwa jua la Julai, gurudumu la nyuma likateleza, tairi likabanduka kwenye rimu, naye akavunjika paja, kiwiko na kifundo cha mkono. Kwa hiyo kubandika ni kazi ya siku mbili tatu, si ya nusu saa. Livalishe tairi kwenye rimu bila gundi, lijaze, liache lilale hapo linyooke. Kisha tabaka jembamba kwenye rimu, likauke, jingine, likauke, moja kwenye mkanda wa tairi, halafu la mwisho, na tairi linawekwa likiwa bado linanata. Usilipande kabla ya saa 24. Fundi akikuambia utalichukua jioni, chukua magurudumu yako uondoke.

Na pancha? Klincha unabadilisha mpira wa shilingi mia chache kando ya barabara. Tubula unabeba tairi zima la akiba, lililokwisha kupakwa gundi, umelikunja chini ya kiti, na ukishalivalisha unarudi nyumbani kwa upole bila kuilaza baiskeli kwenye kona. Hilo ni gharama na ni usumbufu. Mimi nimekubali kulilipia.

Nikiyapanga sasa, la kwanza kwa mwenye breki za rimu anayekaa karibu na miteremko yetu ni Campagnolo Bora One 35, tubula. Ndiyo, naipendelea, na sioni haja ya kujifanya sina upande. Seti nzima ni kama gramu 1,200. Spoki za nyuma zimepangwa tatu tatu, na beringi zake unaweza kuzifungua, ukazisafisha, ukazipaka grisi na kuzikaza mwenyewe kwa mkono, jambo ambalo kwa vumbi la Magadi lina thamani kuliko gramu 50. Yangu nimeyafungua mara mbili tangu Aprili na bado yanazunguka kimya. Bora Ultra ni nyepesi kidogo zaidi na ghali sana zaidi. Bakiza hiyo pesa ununue matairi. Kama gia zako ni za Shimano, hakikisha kitovu cha nyuma ni cha kupokea gia za Shimano, maana wenzetu wengi wameletewa kisichoingiliana.

Habari njema ni kwamba haya usiyanunue mapya. UCI, shirikisho la baiskeli la dunia, iliruhusu breki za diski (zinazobana sahani ya chuma karibu na kitovu badala ya rimu) moja kwa moja kwenye mashindano ya barabara mwaka 2018, na tangu hapo Ulaya watu wanaondoa magurudumu ya breki za rimu stoo kwa bei ambayo zamani ingekuwa ndoto. Tubula ndizo zinazoshuka zaidi, kwa sababu kubandika kumewachosha.

La pili, kama baiskeli yako ina breki za diski: nunua klincha ya kaboni bila wasiwasi wangu huu. Joto linabaki kwenye diski, rimu haiguswi. Magurudumu ya DT Swiss na Bora WTO ya Campagnolo yote ni kazi nzuri. Angalia tu kama rimu ni ya zile zisizo na kulabu ndani za kushika kingo za tairi: hizo hazitakiwi kuzidi bar 5 (paundi kama 72), na si kila tairi linaruhusiwa.

La tatu ni la mwenye breki za rimu asiyetaka gundi. Shimano Dura-Ace C24, klincha, chini ya gramu 1,400, ina kaboni mgongoni lakini breki inabana alumini. Haina sura ya kutisha, na ndiyo ningemnunulia mdogo wangu.

La nne, klincha ya kaboni yenye breki za rimu ya kampuni yenye jina: kwa Mombasa, Kisumu mjini, au Dodoma kwenye tambarare, sawa, ukitumia mipira ya breki iliyotengenezwa kwa rimu hiyo. Miteremko usiisogelee nayo.

Zile zisizo na jina, za bei ya kutupa: hapana.

Magurudumu yangu yaliyovimba yalinigharimu shilingi 68,000. Nilipoyarudisha, muuzaji aliyageuza mara moja tu akasema nimeshika breki kupita kiasi. Nimeshika breki kwenye mteremko! Nilimuuliza resini yake inahimili nyuzi ngapi za joto. Akanionyesha tena zile gramu. Kilichonikasirisha si pesa peke yake. Aliniuliza mwenyewe siku ya kununua ninaendesha wapi, nikamwambia Mai Mahiu, chini ya mteremko uleule, akatikisa kichwa kukubali, akaandika risiti. Huko walikotengeneza rimu wanajua kiwango cha joto, wamekipima. Anayeuza Nairobi angeweza kuuliza kwa barua moja. Badala yake tunalipa ushuru, tunalipa faida yake, halafu tunafanya majaribio kwa mifupa yetu wenyewe.

Kwa hiyo ukienda kuona yaliyotumika, nenda na kipimo cha milimita na sarafu. Pima upana wa ukingo mahali nane kuzunguka gurudumu. Tofauti ikizidi nusu milimita, rudisha. Gongagonga rimu kwa sarafu taratibu: mlio uwe mkali na uleule pote, ukisikia mahali panapotoa mlio mzito, nyuzi za kaboni zimeachana. Kama ni tubula na tairi la zamani bado lipo, toa hewa na ulisukume kando kwa gumba zote mbili. Likibanduka kirahisi, bado unaweza kununua, lakini palepale libandue lote, safisha kitanda cha rimu, na ubandike upya kabla hujapanda hata hadi lango la nyumbani.