Viungo vya Y vya MC4 kwa paneli mbili za sola: nyota nne, na waya ni juu yako

Bei kwanza, maana ndiyo mtakayoniuliza. Jozi moja nimeinunua elfu kumi na mbili Kariakoo, ikaja Pangani kwa basi ndani ya mfuko wa nailoni, bila boksi wala karatasi ya maelezo. MC4 ni zile plagi zilizo kwenye ncha za nyaya za paneli. Jozi ni vipande viwili, kimoja cha chanya na kingine cha hasi. Kila kipande kina midomo miwili ya kupokea paneli mbili na mkia mmoja unaoshuka kwenye kontrola, kile kifaa kinachosimamia chaji kati ya paneli na betri. Hakuna cha kukata, kumenya wala kuzungushia tepu. Unasukuma, kinalia "tik", umemaliza.

Mimi nina kibanda umiza. Televisheni ya inchi 32 inayokula volti 12 moja kwa moja, king'amuzi, taa mbili, na mchana nachaji simu za watu. Betri ni ya jeli, Ah 100. Kontrola ni PWM ya ampea 20, zile za kawaida zenye kioo kidogo na matundu mawili ya USB. Paneli ilikuwa moja ya wati 100, na kwa mechi moja ya usiku ilitosha. Zikiwa mechi mbili, au jana yake kama kulishinda mawingu, kontrola ilikuwa inakata dakika ya sabini. Mtu aliyelipa kiingilio akakatiwa dabi ya Simba na Yanga dakika ya sabini hasikilizi habari za mawingu.

Nikaongeza paneli ya pili, wati 100 vilevile. Kijana wa dukani akanishauri kwenye simu: "Mama, unga sirizi, moto unakuwa mkubwa." Mwanangu, volti zinakuwa kubwa kweli, lakini kontrola yangu haina kazi nazo. PWM inachofanya ni kuiunganisha paneli na betri, inaivuta ishuke hadi volti za betri, basi. Paneli moja ya namna hii hufanya kazi kwenye volti 18 na kutoa ampea 5.5 hivi. Ukiziunga mbili mfululizo, ndiyo hiyo sirizi, chanya ya moja kwenye hasi ya nyingine, unapata volti 36 na ampea zilezile 5.5, na betri ya volti 12 inachukua hizo ampea tu. Paneli ya pili imekaa juu ya bati kama pambo. Tena kontrola nyingine ndogo hazivumilii volti nyingi hivyo, zinaungua. Ukiziunga sambamba, chanya na chanya, hasi na hasi, volti zinabaki 18 na ampea zinajumlishwa kuwa 11. Mwenye kontrola ya MPPT, ile inayogeuza volti za ziada kuwa ampea, ana hesabu yake nyingine na anaweza kuunga mfululizo akafaidi, ila wengi wetu huku hatuna MPPT.

Sasa viungo vyenyewe. Plastiki ni ngumu, mipira ya kuzuia maji ipo ndani na imekaa sawasawa, na ubavuni pameandikwa ampea 30, kiwango ambacho paneli zangu mbili haziwezi hata kukikaribia. Nilichokipima ni kile kinachosomeka kwenye kioo cha kontrola. Saa sita mchana, jua la wazi, paneli moja ilikuwa inanipa ampea 5 na ushee. Zote mbili zinanipa kumi. Nimevishika kwa mkono baada ya saa kadhaa za jua kali: vya uvuguvugu wa bati tu, hakuna kinachochemka. Kiungo kibaya ungekijua hapo, kwa sababu mguso ukiwa hafifu unaleta joto, na joto linayeyusha plastiki.

Faida ambayo sikuinunulia ni kivuli. Nina mwembe upande wa magharibi, na kuanzia saa tisa kivuli chake kinaanza kupanda paneli ya kushoto. Kwenye sambamba hiyo iliyofunikwa inashuka peke yake, mwenzake anaendelea kuleta ampea zake. Kwenye mfululizo mkondo ni mmoja kwa zote, hivyo iliyo kivulini inambana na aliye juani.

Nyota moja nimeikata kwa mambo mawili. Shingo za midomo ni fupi mno. Paneli zangu zimepishana kidogo na ilibidi nizisogeze ndipo nyaya zifike bila kuvutwa. La pili ni mambo ya dume na jike. Wauzaji wengine wanataja jinsia kwa kuangalia plastiki ya nje, wengine kwa kuangalia pini ya ndani, na hizo mbili ziko kinyume, kwa hiyo unaweza kuagiza dume ukaletewa jike na muuzaji akaapa hajakosea. Piga picha ncha za nyaya za paneli yako, mtumie, mwambie nataka kinachoingia hapa. Halafu usichanganye kampuni tofauti kama unaweza kuepuka. MC4 za watengenezaji mbalimbali zinaingiliana na zinalia "tik" vizuri tu, lakini vyuma vya ndani havikupimwa kukaa pamoja.

Ila pesa halisi ya kazi hii haiko kwenye viungo, iko kwenye waya. Hapa ndipo mafundi wengi wanapita haraka. Waya wangu wa zamani kutoka juu ya bati hadi kontrola ulikuwa wa milimita za mraba 2.5, urefu wa mita 10, na kwa paneli moja haukuwa na neno. Baada ya kiungo cha Y, ampea zote 11 zinapita humohumo. Mita 10 kwenda na mita 10 kurudi, waya wa 2.5 unakula volti 1.5 hivi. Mtu atasema paneli ina 18, ikipoteza moja na nusu kuna shida gani? Shida ni joto. Hizo 18 zilipimwa kiwandani seli zikiwa na nyuzi 25. Juu ya bati la Pangani saa saba mchana seli zinafika nyuzi 60, na volti zinashuka hadi 15 na nusu hivi. Toa 1.5 ya waya, unabaki na 14. Betri ya jeli ikikaribia kujaa inataka 14 na zaidi, na kontrola nayo ina kidogo inachokula. Kwa hiyo asubuhi unaona ampea nzuri, mchana betri inakataa kujaa, na lawama zinaenda kwa paneli. Nimeweka waya wa sola wa 6, na sasa upotevu haufiki volti 0.7. Ulinigharimu kuliko viungo mara kadhaa, lakini ndio uliofanya paneli ya pili ionekane kwenye betri. Na paneli msizilaze juu ya bati moja kwa moja; ziinueni kidogo upepo upite chini.

Kwa wanaofunga wenyewe: betri inaungwa kwenye kontrola kwanza, paneli baadaye, na kati ya betri na kontrola weka fyuzi. Fanya jioni, au funika paneli kwa blanketi, kwa sababu MC4 haitakiwi kuchomolewa umeme ukiwa unapita. Kama ncha za paneli zilishakatwa na huna uhakika wa chanya na hasi, chukua mita ya kupimia volti. Kila paneli peke yake juani, ikiwa haijaungwa popote, inasoma volti 21 au 22; zile 18 ni ikiwa kazini. Ukiziunga sambamba bado isome hivyohivyo. Ikisoma 42 umeunga mfululizo, ikisoma karibu na sifuri moja imegeuzwa, zifunike haraka ndipo uchomoe. Paneli ziwe za volti za aina moja. Zile kubwa za volti 30 na kitu usizichanganye na hizi za 18.

Wameshaanza kuniuliza kuhusu paneli ya tatu. Vipo viungo vya midomo mitatu, ila hapo kila paneli inataka fyuzi yake, kwa sababu moja ikiharibika zile mbili nzima zitaimwagia ampea zao zote. Kiwango cha fyuzi kimeandikwa kwenye kibandiko cha nyuma ya paneli. Paneli mbili hazihitaji. Na mkinunua, ombeni na zile spana ndogo za plastiki za kufungulia MC4. Mimi sikupewa, na kuchomoa kwa bisibisi kunavunja vile vijino vya pembeni.