Programu ya kuchorea: uanze na ipi, ulipie ipi

Kila nikiweka mchoro kwenye stetasi, swali linalorudi ni lilelile: unachorea nini? Na wengi wanaouliza wameshajiandaa kulipia Photoshop. Subiri kwanza. Kama unachora jioni ukitoka kazini, hela ya kwanza iende kwenye tableti ya kuchorea, ile inayochomekwa kwenye kompyuta, na kalamu yake, hata ile ndogo isiyo na kioo. Kipanya hakitambui kama mkono umekandamiza au umegusa tu, na hapo ndipo uhai wa mstari ulipo. Programu nzuri za bure zipo, na ninayoiweka juu ya zote ni mojawapo.

Namba moja ni Krita. Ni ya bure, haina matangazo, na ukishaipakua haikuombi bando tena. Inakubali Windows, Mac na Linux. Kwa Android inafaa tableti, si simu. Inakuja na brashi zaidi ya 100, lakini mimi kilichonifunga kwake ni kanga. Ukibonyeza W, turubai, yaani ukurasa unaochorea, inaanza kujirudia pande zote: korosho uliyoichora ikakatwa na ukingo wa kulia, kipande kilichobaki kinatokeza kushoto papo hapo. Pindo zima linajiunga bila mshono. Kabla ya hapo nilikuwa nanakili, nabandika, nasogeza pikseli moja moja, na bado jicho likiona pale palipoungwa.

La pili ni rangi. Mchoro wangu wa kwanza kuchapishwa ulikuwa na bluu inayowaka kwenye skrini. Kwenye karatasi ikatoka imefifia kama doti iliyoanikwa juani mwezi mzima. Fundi hakukosea. Skrini inaunda rangi kwa mwanga, mashine ya uchapaji inaziunda kwa wino, na kuna bluu na kijani ambazo wino hauzifikii. Krita inakuruhusu kuanza mchoro ukiwa tayari kwenye CMYK, yaani rangi za wino, usishtukizwe mwishoni. Anza pia na saizi kamili: A4 ya kuchapa vizuri ni pikseli 2480 kwa 3508. Ukichora padogo kisha ukakuza, kingo zote zinaingia ukungu.

Pale inaponichosha ni kwenye maandishi. Jina la kanga naliandika kwa Inkscape, ya bure pia, kwa sababu herufi zake unazikuza utakavyo na hazichakai. Na laptop yenye RAM ya GB 4 itahema ukifungua turubai kubwa na tabaka nyingi, yaani kurasa angavu zinazopangwa moja juu ya nyingine, punguza tabaka.

Kama ulicho nacho ni simu tu, namba mbili ndiyo yako: ibisPaint. Unaipata bure, ina tabaka, inanyoosha mstari wa mkono unaotetemeka, na inarekodi video ya mchoro wako tangu mstari wa kwanza. Gharama yake ni matangazo. Nunua kalamu ya kugusia hata ya bei ndogo, kidole kinafunika kile hasa unachotaka kukiona.

Procreate naiweka ya tatu kwa sababu moja tu, haifanyi kazi nje ya vifaa vya Apple. Mwenye iPad na kalamu yake asifikirie mara mbili: unalipa dola 12.99 mara moja, basi. Asiye nayo asinunue iPad kwa ajili yake. Ujue pia kwamba turubai likiwa kubwa, idadi ya tabaka inapungua kulingana na RAM ya kifaa.

Wachora katuni za kurasa wanakwenda Clip Studio Paint, kazi ya Wajapani. Ina fremu, viputo vya maneno na vinyago vya kupanga mikao ya mwili. Kwa kompyuta unaweza kununua leseni ya mara moja. Kwa tableti na simu unalipia kila kipindi.

Kuhariri picha ni habari nyingine. Photopea inafunguka kwenye kivinjari, inasoma faili za Photoshop, na picha yako inabaki kwenye mashine yako. GIMP ipo tangu miaka ya 1990 na inatosha kabisa ukivumilia mpangilio wake. Affinity ilikuwa ya kulipia hadi Oktoba 2025, sasa ni bure ukiwa na akaunti ya Canva. Kwa Windows na Mac ningeijaribu kabla ya GIMP.

Photoshop ni ya mwisho. Ubora inao, ila tangu 2013 matoleo mapya unayakodi, na siku ukiacha kulipa inafunga. Zile nakala za wizi zinazogawiwa kwenye flashi usiziguse. Moja iliniletea virusi vilivyokula michoro ya mwaka mzima. Ukipata kazi inayoidai, chagua mpango wa mwezi mmoja mmoja. Ule wa mwaka unaolipwa kila mwezi unaonekana nafuu, lakini ukijitoa katikati unatozwa faini.