Samson Q2U kwa podikasti ya magongo: uzoefu wangu Mombasa

Kama unataka kuanzisha podikasti ya mpira wa magongo na pesa uliyonayo inatosha kitu kimoja tu, nunua maiki. Kamera, taa na nembo vitasubiri. Mimi nilichukua Samson Q2U, na nasema kama mtu anayerekodi Tudor, ghorofani: chini tuktuk, juu ya paa kunguru, na adhana kutoka kila upande.

Nimeichagua kwa sababu ni maiki ya dainamiki. Husikia kilicho mbele yake na karibu, vingine huvipuuza. Maiki za kondensa zinazosifiwa YouTube ni tamu kwenye chumba kilichotulia, na chumba hicho Mombasa nani anacho? Nilijaribu moja ya kuazima, ikanasa hadi sufuria za jirani. Kwa Q2U tuktuk bado inasikika kwa mbali, lakini haimezi maneno. Feni itabidi uizime, hilo halina ujanja, na miezi ya kaskazi utarekodi huku jasho linakutiririka. Siku hizi narekodi baada ya isha.

Sharti lake ni mdomo uwe karibu, kama upana wa kiganja. Hapo ndipo kazi ilipo, maana podikasti ya magongo hapa kwetu roho yake ni wazee. Vijana wengi hawajui kwamba kwenye Kombe la Dunia la kwanza, Barcelona 1971, Kenya ya nahodha Avtar Singh Sohal ilimaliza ya nne: ilifungwa 1-0 na Uhispania kwenye nusu fainali, kisha 2-1 na India katika kugombea nafasi ya tatu. Mtajie hayo mzee aliyewahi kushika gongo pale Mombasa Sports Club, uone kama utapata nafasi ya swali la pili. Lakini mzee akinogewa huegemea kiti, na sauti inaondoka naye. Mgeni wangu mmoja aliniuliza, "Mwanangu, hii naishika au naisemea tu?" Nikamwambia, "Ishike tu, mzee wangu." Umbo lake ni lile lile la maiki ya MC wa harusini, basi akaishika hadi mwisho na sauti ikatoka safi kuliko yangu mimi niliyekaa na kistendi. Kile kistendi cha mezani kinachokuja kwenye boksi ni kifupi, na ukiigusa meza, msikilizaji anajua.

Jambo ambalo wauzaji hawakuelezi: Audacity, programu ya bure ninayotumia, hurekodi kutoka kifaa kimoja kwa wakati mmoja. Ukichomeka maiki mbili za USB kwenye laptopu moja, utapata sauti ya mmoja wenu. Ndiyo maana naipenda Q2U, ina USB na XLR pia, ile plagi ya nyaya za maiki za studio. Ukiwa peke yako, USB yatosha. Ukija na mgeni, tafuta kile kiboksi cha sauti chenye matundu mawili ya XLR, maiki zile zile zinaendelea na kazi. Chini ya maiki kuna tundu la hedfoni. Zivae sikioni tangu mwanzo, usingoje kugundua mikwaruzo mzee ameshaenda zake.

Bei yake Marekani huwa chini ya dola 100, ila hapa ongeza usafiri na ushuru. Yangu ilitoka Nairobi kwa basi la usiku.

Faili naitoa kwa mono, yaani chaneli moja ya sauti, kwa 64 kbps (kilobiti 64 kwa sekunde). Saa nzima inakuwa kama MB 29, na wasikilizaji wangu wa bando la siku wananishukuru. Spotify wanahifadhi vipindi bila malipo, lakini wengi hunitaka niwatumie WhatsApp.

Uwanjani sendi nayo. Kwenye kona ya penalti, ile adhabu inayoanzia mstari wa nyuma, pigo la kwanza la kulenga goli likiwa la kuchapa, mpira ni lazima uvuke mstari wa goli bila kuzidi milimita 460, yaani kimo cha ubao wa ndani ya goli. Kwa hiyo mpira hugonga ubao, na goli la magongo lina mlio wake, ko! Q2U haiwezi kuunasa kutoka pembeni. Kwa hilo naomba ruhusa, naiweka simu nyuma ya wavu, nimeifunga soksi kwa ajili ya upepo wa kusi.